Upande wa Ndani wa Kioo

Didia, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Masanja,

Kwanza naomba radhi kwa kukuandikia barua hali tunalala chini ya paa moja. Najua utacheka, na una haki ya kucheka. Wewe umekwenda kuwaaga wajomba zako, nami nimevuta kigoda hadi mlangoni nipate mwanga wa jua, kwa kuwa macho yangu na taa ya mafuta siku hizi hayapatani. Barua hii utaikuta mezani, imefunikwa na bakuli ili isipeperuke. Tafadhali uisome yote kabla hujaja kunijibu.

Juzi tulipokuwa tunakula uliweka tonge chini ukasema, "Baba, nimeghairi. Siendi Geita. Nitabaki hapa nikutunze." Nilichovya mchuzi kama mtu asiyesikia. Ukadhani nimekubali, ukalala vizuri usiku ule, nilikusikia. Mwanangu, sikukubali. Machozi yalinikaribia tu, na mtu wa umri wangu haoni vema kulia mbele ya mwanawe huku ana ugali mkononi. Ndiyo sababu naandika. Kalamu hailii. Nataka uende. Lori litapita njia kuu kesho alfajiri, nami nataka likukute umesimama pale.

Sitakuandikia habari za kufua nguo, wala za sala, wala za kujihadhari na pombe ya wachimbaji. Hayo mama yako alikuambia tangu hujajua kutamka maneno sawasawa, na kama hukuyashika kwake hutayashika kwangu. Nitakuandikia habari za kioo cha motokaa. Uniwie radhi kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo. Yule dereva aliyekuja kukuita ukatunze motokaa ya mhandisi wa mgodi alisema wazi kwamba mhandisi huyo amekwisha kuwaondoa watu wawili kwa sababu ya vioo vyake. Katika kazi zote za motokaa hiyo ndiyo niliyoijua mimi kwa kuumia, na katika kujifunza kwangu ilinipasa kumjua upya mama yako.

Wakati ule ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na hati nzuri ya mkono, nikidhani nitakaa katika kiti na kuandika. Badala yake nilipata kazi Shinyanga kwa Bwana mmoja mpima ardhi, ya kumtunzia motokaa yake. Ilikuwa motokaa ya kufungwa juu, yenye milango na vioo pande zote. Nyuma, mgongoni mwa kiti cha mwisho, palikuwa na kioo kidogo kama kidirisha cha ghala.

Kioo kwa nje ni mchezo. Unasimama, unamwaga maji, unafuta, unakwenda zako. Ndani ni habari nyingine. Kioo cha mbele kinashuka hadi kukutana na ubao, na pale pembeni, nyuma ya usukani, mkono haufiki. Kiwiko kinagonga usukani, kichwa kinagonga paa, mkono wa pili unaegemea kioo, na vidole vinaishia pale vumbi linapoanza. Kile cha nyuma ndicho kibaya zaidi. Ilinibidi nilale kifudifudi juu ya kiti kama mtu anayemtafuta kuku chini ya kitanda, nikiegemeza mkono kiooni ili nisianguke. Bwana alivuta kiko humo ndani akiwa amefunga milango kwa ajili ya vumbi, na moshi wote ulikwenda kukaa juu ya vioo.

Nilifuta kila siku kwa bidii ya mtu aliyefundishwa kwamba bidii inatosha. Kivulini kioo kiling'aa. Bwana alipita akasema, "Safi," nami nikafurahi. Lakini jioni, ukielekea jua, kioo kilekile kiligeuka maziwa. Nikaongeza sabuni, kikazidi. Nikajaribu majivu, yakaacha mikwaruzo ambayo bado inanitia haya. Nikajaribu mafuta ya taa, Bwana akaniuliza kwa upole kama nimekusudia kumchoma moto.

Palikuwa na mpishi, mtu wa pwani, jina lake Salumu. Aliniita Mwalimu, wala hakuwa na maana ya kunipa cheo.

"Mwalimu," alisema toka mlangoni mwa jiko, "hicho kioo umekisomea darasa la ngapi?"

"Salumu, tafadhali. Tuheshimiane."

"Heshima ipo, ndugu yangu. Kioo ndicho sikioni. Naona ukungu umevaa fremu."

Basi siku moja jioni tulikuwa tunakwenda Tinde, Bwana akiendesha, mimi nimeketi kando yake na mizigo magotini. Jua lilikuwa limeshuka mbele yetu. Tulipopinda kona, kioo chote kikawa cheupe mara moja, kama mtu aliyemwaga kibuyu cha maziwa juu yake. Bwana alipaza sauti kwa lugha ya kwao, motokaa ikaacha njia, ikapita katikati ya shamba la mtama, ikasimama kwa kishindo kwenye kichuguu. Niliposhuka nikaona kilichokuwa mbele yetu pale njiani: ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe mzee mmoja na wajukuu zake. Kama Bwana asingaliupindisha usukani, nisingalikuwa na moyo wa kukuandikia habari hii.

Mzee yule hakukimbia. Alikuja taratibu na fimbo yake, akaitazama motokaa toka mbele hadi nyuma, kisha akatuamkia kama inavyopasa: "Mwadila." Tukamwitikia. Ndipo akaniuliza kwa Kisukuma, "Mnyama wenu huyu haoni?"

"Anaona, mzee. Ni jua limempiga usoni."

"Ng'ombe wangu nao wanaliangalia jua hilohilo," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeingia mtamani."

Bwana alirudi ndani ya gari. Alipitisha kidole kiooni, upande wake yeye, na pale kidole kilipopita pakaonekana njia. Akaninyoshea kidole kile nikitazame. "Zakaria," akasema kwa Kiswahili chake, "chafu iko ndani." Akaongeza kwamba tukirudi tena shambani namna ile, atatafuta mtu mwingine. Hakukasirika. Ilinitisha zaidi kwa kuwa hakukasirika.

Nilirudi nyumbani nisimwambie mama yako. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kiburi cha kitabu: niliona mambo ya motokaa si mambo ya kumwambia mwanamke anayekamua ng'ombe. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na jibu, na tena alikuwa ndani ya jambo lenyewe bila kujijua.

Unakumbuka desturi yake, nadhani, maana wewe pia alikupaka. Hakumruhusu mtu kutoka nyumbani kwake akiwa mkavu. Kila alfajiri alichukua kile kibuyu chake cha samli, akanipaka mikono toka vidoleni hadi juu ya viwiko, kwa sababu sabuni ilikuwa imenipasua ngozi. "Mtu wa Kabula asitoke kama kuni," alisema, akijitaja kwa jina lake. Nilikuwa naketi tu kama mtoto. Kwa siku nzima hatukuwa na wakati mwingine wa kukaa hivyo, yeye na mimi, pasipo shughuli. Kisha nilijifuta viganja kwenye majani, nikaenda kazini nikinukia maziwa.

Siku moja alikuja uani kwa Bwana kuniletea chakula, wewe ukiwa mgongoni. Alinikuta nimelala kifudifudi kitini, miguu nje ya mlango.

"Baba Masanja, unaogelea?"

"Nafuta kioo."

"Kinafutika?"

"Kabula, nakuomba. Hapa ni uani kwa watu."

Hakunijali. Alizunguka nyuma ya motokaa akainama, akatazama kile kioo kidogo jua likiwa upande wa pili. "Njoo," akasema. "Njoo utazame ulichokichora."

Nikaenda. Mwanangu, pale kiooni palikuwa na mkono wangu. Ulikuwa umeandikwa wote, toka kiwiko hadi kifundo, hata vinyweleo vilionekana, mkono juu ya mkono, siku juu ya siku. Mama yako alifungua mlango akaingiza pua, akanusa kioo. Kisha akacheka hata akaketi chini.

"Samli yangu!" akasema. "Ee Mayu, mama wee! Kumbe unampaka Bwana samli yangu kila siku!"

Salumu naye hakuikosa nafasi. "Ndiyo maana nzi wanaipenda gari hii, Mama Masanja. Mimi nilidhani ni Bwana."

Ningaliweza kucheka. Hata leo nalifikiri jambo hili, nikiona jinsi kucheka kulivyokuwa karibu na mdomo wangu. Badala yake nilikumbuka mtama wa Tinde, na kidole cha Bwana, na wewe mgongoni ambaye chakula chako kilitoka katika kazi ile, nikasema kwa sauti kali mbele ya Salumu, "Basi usinipake tena."

Aliacha kucheka. Alikufunga vizuri mgongoni akaenda. Na kweli hakunipaka tena. Kila alfajiri alinipa uji, akaniambia nenda salama, akaondoka kwenda zizini. Vioo vilianza kutakata. Bwana akanisifu mara kadhaa, nami nikarudi nyumbani na sifa hizo nisijue pa kuziweka. Mikono yangu ilipasuka ikatoka damu. Nilitamani kumwambia, "Kabula, nilikuwa na hofu, sikuwa na hasira," lakini maneno hayo hayakuwa katika kitabu chochote nilichosoma, nami sikujua yanaanzaje. Nyumba ilikuwa kimya hivyo majuma mengi. Wewe hukujua, ulikuwa unaota meno.

Aliyeuvunja ukimya huo ni yeye. Alikuja tena uani, safari hii ameshika mwiko wa ugali, ule mpana, ameuzungushia kitambaa cha pamba cha marekani akakifunga kwa kamba. Hakuniamkia hata mimi. Alifungua mlango wa mbele, akaingia, akaketi mahali pa Bwana nyuma ya usukani, akapenyeza mwiko ule pale pembeni ambapo mkono wangu haujawahi kufika. Bapa la mwiko lililala juu ya kioo kama lililotengenezewa pale.

"Unaona?" akasema pasipo kunitazama. "Mkono hauna haja ya kugusa."

Salumu alitoka jikoni mbio. "Haya, abiria! Gari inakwenda Tabora! Mama Masanja, nishushe sokoni!"

Kelele zile zikamtoa Bwana barazani. Nilisimama kama nguzo. Mwanamke katika kiti chake, na mwiko! Alitazama muda, kiko mdomoni, kisha akaniuliza, "Zakaria, huyu dereva mpya?" Akarudi ndani. Mama yako hakukielewa Kiswahili cha Bwana, lakini aliona uso wangu, akaanza kucheka, nami safari hii nikacheka naye. Tulicheka mpaka wewe ukaanza kulia.

Kesho yake alfajiri aliniletea uji, na kibuyu chini ya mkono. Nilimnyoshea mikono. Sikusema lolote la busara. Nilisema, "Paka taratibu, inauma," naye akasema kama anayemwambia mwanawe, "Itauma, ng'wanawane, umeiacha ikauke."

Hayo ndiyo niliyoyajua juu ya kioo. Kwa upande wa kazi ya mkono, ni haya machache, nisamehe kwa kuyaandika kama mwalimu: ufanyie kazi kivulini, maana juani maji hukauka na kuacha mistari. Mwiko mmoja uwe wa kazi hiyo tu. Kitambaa kisiwe na mafuta hata kidogo, na majini utie siki kidogo. Kisha ufute tena kwa kitambaa kikavu. Ndani ufute kwenda juu na chini, nje ufute kwenda kulia na kushoto, ili mstari ukibaki ujue uko upande gani. Halafu usiamini macho ya kivulini. Igeuze motokaa itazame jua, uketi mahali atakapoketi mwenyewe, utazame.

Sasa nikuambie kwa nini nimekurudisha mbali hivyo.

Tangu tulipomzika mama yako nimekuwa naketi hapa mlangoni. Nimeguna ukinisikia. Nimewaambia majirani, wewe ukiwa unakata kuni hapo nje, "Nitabaki na kuku." Nimekuomba unisomee mambo ambayo ningeweza kuyasoma mwenyewe mchana. Nimeusifu uji wako zaidi ya unavyostahili. Una mabonge, mwanangu. Sikukusudia kukuzuia. Niliegemea tu, kama nilivyoegemea kiooni, kwa mkono uliopakwa na mtu anayenipenda. Lakini naona alama ya mkono huo imebaki mbele ya macho yako. Ukitazama Geita huioni Geita. Unamwona mzee na kigoda chake. Na kadiri unavyokaza kutazama ndivyo ninavyozidi kung'aa mbele yako. Naomba unisamehe. Uchafu huo ni wangu, na ni wa mapenzi, lakini hauonyeshi njia.

Wala sitaki kulirudia kosa langu la kwanza. Nilipomwambia mama yako usinipake tena, nilikuwa naukataa mkono wake pamoja na samli. Kwa hiyo sikuambii usinitunze. Juzi uliposema utabaki unitunze, sijapata kusikia neno tamu kama hilo tangu yeye alipokwenda, na nitakuwa nalo. Nitunze, Masanja. Nitunze ukiwa huko. Kuna mapenzi yanayohitaji mpini mrefu, ndivyo alivyonifundisha yeye kwa mwiko wake, na hayapungui kwa urefu huo.

Sitakudanganya kwamba sitakukosa. Nitakukosa hasa jioni. Macho yangu yanaona njia ya kisimani, yanaona ng'ombe, yanaona uso wa mtu akisogea. Hayaoni herufi usiku. Ndiyo hali yenyewe, si mbaya kuliko hiyo, na nimekuandikia kwa ukweli ili usije ukajitungia mbaya zaidi ukiwa peke yako. Kuna mambo mawili au matatu ambayo wewe utayaona ukiwa kijana, nami sikuyaona kwa sababu nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kiti cha mtu. Jifunze kuendesha. Mimi nilifuta miaka mingi na sikuwahi kuushika usukani motokaa ikitembea. Nilikuwa na aibu ya kuomba nifundishwe. Wewe omba. Wakikucheka, cheka nao, usikawie kama nilivyokawia.

Jambo la mwisho, na hili naomba radhi kwalo kuliko yote, maana nimelifanya bila kukushauri. Nimempelekea habari shangazi yako Mbuke kule Tinde aje akae nami. Kesho adhuhuri atafika na kuku wake na mkeka wake. Nilimwambia kuwa atalala kitandani pako. Unajua alivyonijibu kwa kinywa cha yule mtu niliyemtuma? Alisema, "Mwambie Zakaria kitanda kiwe wazi nikifika. Silali chini kwa ajili ya kijana mwenye miguu mizima." Unamjua shangazi yako. Kuanzia kesho humu ndani hutakuwa na pa kulala, ila ukija kama mgeni. Na mgeni wangu nitampokea kule njia kuu, nitamchukulia mzigo, na nitamwuliza habari za huko mpaka achoke.

Kwa hiyo usije kunijibu kwa maneno, kwa kuwa maneno yatatushinda sote wawili. Nitakuwa nimejilaza chumbani kwangu, lakini sitakuwa nimelala. Ukimaliza kusoma, weka nguo zako katika lile sanduku la bati, ulifunge. Komeo lake lina mlio mkali. Nikiusikia, nitajua, nami nitalala.

Ni mimi baba yako, mwenye kukuombea na kukupenda,

Zakaria